Pesa za kufufua uchumi zielezwe mradi kwa mradi

Mhariri,

Serikali inapotangaza mpango wa kufufua uchumi, sisi walipa ushuru huambiwa kiasi kilichotengwa, kisha habari hukatikia hapo. Mwaka wa 2009 tulielezwa kwamba Sh22 bilioni zingefika mashinani kupitia masoko, shule, vituo vya afya na mabwawa ya samaki. Mei 2020, wakati wa janga la Covid-19, zikatangazwa Sh53.7 bilioni nyingine.

Kutengwa kwa pesa si kutolewa, na kutolewa si kulipwa kwa kazi iliyofanyika. Huku Kakamega, bango la mradi huonyesha jina la wizara na mwanakandarasi, pengine na gharama, lakini halisemi ni kiasi gani kimekwisha kulipwa wala kazi imefikia wapi. Mama mboga anayeuza juani, kando ya soko ambalo halijaezekwa, hawezi kujua kama pesa hazikuja au zilikuja zikaishia njiani. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa naye hulipa ushuru kila anunuapo bidhaa dukani.

Ni kweli kwamba Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti, tena za kina. Hata hivyo, zimeandikwa kwa Kiingereza na kupangwa kwa wizara na idara, hivi kwamba msomaji huona asilimia ya bajeti iliyotumika bila kuliona soko la kwao.

Marekani ilipopitisha sheria yake ya kufufua uchumi Februari 2009, waliopokea fedha hizo walitakiwa kueleza kila robo ya mwaka walichopokea, walichotumia na ajira zilizopatikana, na taarifa hizo zikawekwa kwenye tovuti ya umma. Ripoti za kwanza zilikuwa na makosa mengi, hata zikataja maeneo ya uwakilishi bungeni yasiyokuwepo. Lakini makosa hayo yaligunduliwa na kukosolewa upesi kwa sababu hesabu zilikuwa wazi kwa kila mtu.

Katiba yetu, katika vifungu vya 35 na 201, inatupa haki ya kupata habari na kudai uwazi katika fedha za umma. Kwa hivyo naomba kila robo ya mwaka ubandikwe katika ofisi ya chifu na ya wadi ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila mradi, usomwe pia barazani, ukieleza kilichotengwa, kilicholipwa, aliyelipwa na kazi iliyobaki. Kurasa hizo zianze na miradi iliyokwama.

Mlipa ushuru,
Kakamega