Rubani anayelipa ili aruke

Bwana Mhariri,

Huku Lubumbashi wengi bado huamini kwamba mtu anayeshuka ndege pale uwanja wa ndege wa Luano akiwa na mistari minne ya rubani mkuu begani hana shida ya mshahara, lakini mambo yamebadilika. Tangu Marekani ilipofungua soko la safari za ndege mwaka 1978, na Ulaya ikafuata katika miaka ya 1990, shirika linaweza kusajili ndege nchi moja, kuajiri kupitia wakala wa nchi nyingine na kubeba abiria wa nchi ya tatu, hata rubani asijue adai haki yake kwa nani. Wapo vijana wanaolipa wao wenyewe ili wapate saa za kuruka, huku abiria wamekaa nyuma yao. Mwenye deni la mafunzo atathubutuje kusema amechoka? Hilo linanitia hofu kuliko mshahara wenyewe. Ryanair, shirika la ndege la Ireland lililokataa vyama vya wafanyakazi kwa miaka mingi, lilikubali kuvitambua Desemba 2017 marubani walipotishia kugoma kabla ya Krismasi. Naiomba serikali yetu, inaporuhusu ndege za kukodi zinazokuja na marubani wake, idai mikataba inayolinda haki ya rubani kukataa kuruka akiwa amechoka.

Msomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi