Barua kwa mwanangu: hiyo bima ya nusu bei ni ya nusu nyumba

Chumbageni, Tanga

Mwanangu,

Salamu, na baada ya salamu: hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba, sasa anatembea hadi msikitini bila mkongojo, na ameshaanza tena kugombana na watu wa bao.

Nimezisoma zile karatasi mbili ulizonitumia kwenye simu. Unauliza inakuwaje nyumba moja, hiyo hiyo ya Kange, dalali wa bima akuandikie ada ya shilingi 180,000 kwa mwaka na kijana wa benki akuandikie 90,000, na kama huyo dalali anakuibia. Hakuibii. Tazama palipoandikwa thamani ya jengo. Dalali ameweka milioni 90, wa benki ameweka milioni 45. Kiwango chao ni kimoja, asilimia 0.2. Wa benki hajakupunguzia chochote, amekukatia bima ya nusu nyumba.

Na milioni 45 imetoka wapi? Ni mkopo wako, baba. Benki inataka moto ukipita, deni lake lirudi. Hiyo ni haki yao na siwalaumu, ila deni lao na nyumba yako ni vitu viwili.

Hapa nitakaa kidogo, maana nimekaa dirisha la madai la kampuni ya bima miaka mingi na hili ndilo lililowaliza watu kuliko yote. Mtu hudhani akikata bima ya milioni 45, basi hasara yoyote isiyofika hapo atalipwa yote. Sivyo. Tuseme jiko linashika moto, Mungu apishe mbali, na hasara ni milioni 12. Mkadiria hasara atakuja, atapima, ataona nyumba nzima kuijenga upya ni milioni 90 na wewe umelipia nusu. Basi na fidia ni nusu: milioni 6. Kisha wanatoa ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Zinazobaki benki ina haki ya kuzigusa kwanza, kwa kuwa jina lake limo kwenye hati. Watu walikuwa wanapiga meza, wanasema kampuni ni wezi, na hati wanayo mkononi, kipengele kimeandikwa kwa maandishi madogo ukurasa wa ndani.

Kwa hiyo swali la kwanza si ada ni kiasi gani. Ni hii thamani imepatikanaje. Thamani ya bima ni gharama ya kuisimamisha nyumba tena: saruji, nondo, mbao, bati, mafundi, mchoro, na kuzoa kifusi, ambacho wengi hukisahau. Kiwanja hakimo. Kiwanja hakiungui. Ndiyo maana nyumba ya Raskazone inayouzwa bei ya kutisha kwa sababu ya upepo wa bahari inaweza kukatiwa bima sawa na ya Pongwe, kama kuta na paa ni vya namna moja. Mwite mkadiria majengo au hata fundi mkuu aliyekujengea, akupigie hesabu ya bei za leo, si za mwaka ulioweka msingi. Na kila mwaka unapohuisha, iangalie upya. Bati halijawahi kukusubiri.

Sasa kuhusu kiwango chenyewe, ile asilimia, kwa nini jirani apate tofauti na wewe. Jambo hili ni la zamani. London iliungua mwaka 1666, na baada ya miaka kama 15 hivi mtu mmoja, Nicholas Barbon, akaanzisha ofisi ya bima ya moto. Nyumba ya matofali alitoza asilimia 2.5 ya kodi ya pango ya mwaka, ya mbao asilimia 5. Mara mbili, kwa sababu ya ukuta tu. Hadi leo kampuni inaanzia hapo hapo: kuta za nini, paa la nini. Kwa hiyo lile banda la makuti unalotaka kuliegemeza kwenye baraza ili wageni wakae, waambie kabla hujalijenga. Makuti yakigusana na nyumba, nyumba yako ya bati inaanza kuhesabiwa kama nyumba ya makuti. Lijenge mbali kidogo, uani, litapendeza zaidi.

Watauliza pia umeme umetandazwa na nani, mtungi wa gesi unakaa wapi, kama gari la zimamoto linaweza kuingia mtaani kwenu. Watu wa Ngamiani wana barabara zilizonyooka na kuhesabiwa kwa namba, gari linafika. Kuna mitaa hapa mjini hata mkokoteni hupita kwa kuombana radhi, na huko mtu ukipiga 114 gari litaishia barabarani. Grili na mlinzi hupunguza upande wa wizi. Mchwa na kutu ya chumvi usiwadai hata siku moja. Hayo wanayaita uchakavu, hayalipwi, na sisi wa pwani ndiyo yanayotula.

Maji ni habari nyingine. Kiwanja chako kiko juu, mvua ikinyesha inateremkia wenzako, kwa hiyo usikubali kutozwa kama mtu wa bondeni. Lakini hakikisha mafuriko na dhoruba vimetajwa ndani ya hati. Vingine huongezwa kwa malipo, na usipoomba havimo. Vimbunga kwetu ni vya nadra, ingawa kile cha 1872 kiliivunja Zanzibar na kufika Bagamoyo, na Hidaya ya Mei 2024 imetukumbusha. Dada yako wa Marekani analalamika kwamba ada ya huko inazidi kupanda, na yeye yuko Florida, penye vimbunga kweli. Kimbunga Andrew cha 1992 kilizifilisi kampuni kadhaa. Huko hata sehemu ya hasara ya kimbunga anayobeba mwenye nyumba huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya nyumba. Katika majimbo mengi wanaangalia na historia yako ya kulipa madeni, California wamekataza. Hapa kwetu, angalau, bado hawajauliza unadaiwa na nani dukani.

Lakini usidhani ya Florida hayatufiki. Kampuni zetu nazo hukata bima kwa wakubwa wa nje, ndiyo bima mtawanyo. Baada ya kimbunga Ian cha Septemba 2022, wakubwa hao walipandisha bei kwa nguvu mikataba ya Januari 2023 ilipohuishwa. Upepo umevuma kwao, bei ikapanda hata kwa asiyewahi kuiona Marekani.

Kuna namna mbili za halali za kushusha ada. Moja, kubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara mwenyewe. Kama unaweza kutoa laki tano bila kukopa, usilipie bima ya kioo kilichopasuka. Ya pili, tenganisha jengo na vilivyomo. Nyumba haina samani bado, kwa nini ulipie vyombo vya nani?

Na hapo ndipo penye jambo langu kubwa kwako. Karatasi zote mbili zimeandikwa kwamba unaishi mle. Huishi. Uko Dodoma hadi likizo ya Desemba, na nyumba imefungwa. Mikataba mingi ikikuta nyumba imekaa tupu kupita siku 30, au kadiri ilivyotajwa, hupunguza au huondoa kinga ya wizi na maji. Ukificha, wanaweza kukataa dai zima. Waambie ilivyo, ada iongezeke kidogo, au umweke mpwa wako pale chumba cha nyuma, anatafuta pa kukaa tangu alipopata kazi bandarini.

Kuhusu takaful uliyoniuliza, yaani bima ya Kiislamu: ipo nchini sasa, inaendeshwa kwa michango ya pamoja bila riba. Ukiona moyo wako unatulia huko, nenda. Bado watakuuliza kuta na paa.

Usilipe kitu hadi benki wakuandikie thamani upya. Milioni 90, na jina la benki libaki kwa kiasi cha deni tu. Kumbuka VAT inakuja juu ya ada, na bila kulipa hakuna kinga, maneno ya wakala kwenye simu si hati. Ukishalipa, hakiki hati kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Wakikuletea za kuleta siku ya dai, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huhitaji wakili kumfikia.

Nitumie karatasi mpya kabla hujasaini, pande zote mbili, na upige picha kwenye mwanga. Ile ya mwisho nusu ilikuwa kivuli cha kidole chako.

Mama yako