Kuhusu mdogo wako

Neema shoga yangu,

Za Makambako? Huku Mbeya baridi la Julai limekolea, asubuhi kutoka kitandani ni vita. Meseji yako kwamba mdogo wako kakamatwa na yuko mahabusu gerezani niliisoma nikiwa kwenye daladala, nikaona nisikupigie maana haya mambo kila mtu anatega sikio, bora nikuandikie.

Kwanza hilo la kwamba "mtu akiingia jela lazima atoke na virusi vya UKIMWI" achana nalo, aliyekwambia kakutisha tu. Ni kweli wafungwa duniani wana maambukizi juu kuliko watu wa nje, kama mara mbili hivi, ila wengi wao wanaingia nao. Na kwetu ndo usiseme, ule utafiti wa UKIMWI wa 2022/23 watu wazima wenye virusi nchi nzima walikuwa asilimia 4.4, Mbeya 9.6, Iringa 11.1, na nyie Njombe mnaongoza na 12.7. Sasa kusanya madereva wa njia ya Tunduma, wachimba dhahabu wa Chunya na wapasua mbao wa Mafinga uwafungie selo moja, unategemea nini?

Ila hatari ipo, sikufichi. Siku tuliyoenda kupima watu gerezani niliona wembe mmoja unanyoa vichwa vinne, unafutwa tu kwenye kaptula halafu anakaa mwingine. Kuna na lile lisilotajwa. Kijana mgeni hana blanketi hana sabuni, mkubwa mmoja mle ndani anampa, wiki ikipita anadai chake na mgeni hana cha kulipa zaidi ya mwili wake. Kondomu haziruhusiwi, na sheria ya kinyume na maumbile inafika kifungo cha maisha, sasa nani ataenda zahanati akaseme nimeingiliwa wakati dawa za kinga zinatakiwa zianze ndani ya saa 72? Hapa ndo huwa nakasirika, wote tunajua na wote tunajifanya hatujui.

Kwa mdogo wako yeye ambaye alishaanza dawa, hofu yangu ni dozi. Wengi wanakamatwa jioni, kopo limebaki ghetto, anakaa polisi, anapandishwa karandinga, akifika huko anaona aibu kujisema mbele ya nyapara, mara mwezi umeisha hajameza kitu. Virusi vinapanda, na akiwa wa kumeza leo kesho anaacha vinazoea dawa. Wakati kile kidonge kimoja kwa siku akikimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mtu kwa ngono, na mwenyewe yuko fiti.

Kwa hiyo nenda CTC, ile kliniki ya wenye virusi alikokuwa anachukulia dawa. Taarifa zake hawatakupa bila idhini yake na wako sahihi, we waombe tu wawasiliane na mganga wa gereza. Ukienda kumuona mwambie akikohoa aseme hapohapo, TB na ule msongamano ni ndugu. Mama kama hajui usimwambie, hiyo ni ya mdogo wako kusema mwenyewe.

Halafu blanketi na sabuni, shoga, usidharau, asiwe na deni na mtu mle ndani. Getini waulize mahabusu anaruhusiwa kuletewa nini. Mablanketi ya mtumba Mwanjelwa bei poa, nirushie hela nichukue zito, Jumamosi tupeleke wote. Ukishuka stendi nibipu.

Wako,
Tuma