Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Kuongoza Tamthilia Ughaibuni

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia umeitwa kuongoza tamthilia nchi ya watu. Unasema hofu yako ni lugha: utawafundishaje waigizaji ambao hata utani wao huuelewi?

Msome Michael Chekhov, mwigizaji na mwongozaji Mrusi, mtoto wa kaka yake Anton Chekhov, yule mwandishi wa tamthilia. Mwaka 1924 alikuwa nyota wa Moscow, akicheza Hamlet na kuongoza kundi la waigizaji. Mwaka 1928 alitoka Urusi asirudi tena. Akaigiza kwa Kijerumani Berlin, Paris mambo hayakumnyookea, akaongoza na kufundisha Riga na Kaunas, na mwaka 1936 akafungua studio Dartington, Uingereza. Vita ilipokaribia, studio ikahamia Ridgefield, Marekani. (Mimi nachoka kwa kuandika tu.)

Alichohama nacho ni mazoezi. Mwigizaji hutafuta tendo moja la mwili mzima, kama kusukuma, kuvuta au kukumbatia, linalobeba shauku yote ya mhusika. Hulifanya kwa nguvu zote, mara kadhaa. Kisha hulirudia moyoni tu, mwili umetulia, ndipo aseme maneno yake. Mtazamaji halioni tendo lenyewe, lakini sauti imeshabadilika. Zoezi hilo unaweza kulionyesha kwa mikono yako, hata kama sarufi yako inachechemea.

Alitofautiana na mwalimu wake Stanislavsky, mwongozaji mashuhuri wa Moscow, kuhusu kuchimbua kumbukumbu za mwigizaji mwenyewe. Chekhov alitegemea ubunifu wa akilini. Hapo namuunga mkono, na kwako wewe mgeni zaidi: usimwombe mtu akufunulie msiba wake kupitia mkalimani.

Wala usidhani kila alichogusa kilifana. Onyesho lake la Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, la mwaka 1939 halikudumu, na mwaka 1942 vijana wake walipochukuliwa jeshini kazi ya Ridgefield ikafungwa. Akaenda Hollywood, akapendekezwa kuwania Oscar kwa filamu ya Spellbound, na nyota wa filamu kama Marilyn Monroe na Anthony Quinn walimfuata kwa ajili ya masomo.

Sasa la mkataba. Kabla hujasaini, waambie unataka siku za mazoezi ya mwili kabla ya kusoma tamthilia mezani, na ziandikwe. Wakisema muda hautoshi, punguza mapambo ya jukwaa. Mkalimani naye afanye mazoezi pamoja na waigizaji, asikae pembeni na daftari.

Niandikie ukishaonana nao.

Baba yako