Santuri ya zamani si lazima iwe ndiyo sahihi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo moja katika makala mliyochapa wiki iliyopita kuhusu Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta wa Marekani, Miles Davis. Sina ugomvi na sifa alizoimwagia mwandishi. Tatizo ni pale alipowashauri wasomaji watafute santuri ya toleo la kwanza, la mwaka 1959, kwa hoja kwamba ndiyo pekee inayotoa muziki kama ulivyopigwa studioni.

Kwa upande wa kwanza wa santuri hiyo, mambo ni kinyume kabisa. Albamu ilirekodiwa tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959 katika studio ya Columbia, Mtaa wa 30, New York, ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Siku ile ya kwanza mashine kuu ya kurekodia ilikwenda polepole kuliko ilivyotakiwa, kwa hiyo utepe wake ulipochezwa kwa mwendo wa kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza, So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, zilitoka kwa kasi zaidi, na noti zikasikika juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka 30, hadi lilipoondolewa katika toleo la 1992 kwa kutumia utepe wa mashine ya pili, ambayo mwendo wake ulikuwa sahihi.

Jambo hili haliwahusu mafundi mitambo peke yao. Mimi nilijifunza tarumbeta kwa kuifuatisha santuri ya zamani niliyoachiwa na baba, nikahangaika kuoanisha sauti yangu na nyimbo za upande wa kwanza, ilhali za upande wa pili zilikaa sawa bila taabu, nami nikaamini kwamba kasoro ni ya midomo yangu.

Tena, si kweli, kama makala ilivyodai, kwamba Bill Evans alipiga piano katika albamu nzima. Piano ya Freddie Freeloader ilipigwa na Wynton Kelly, na masikio yanatosha kuwa shahidi: Kelly anaichangamsha bluzi ile, wakati Evans kwingineko huacha kimya kirefu kati ya noti.

Santuri ya baba sitaitupa. Lakini nikitaka kupiga pamoja na Davis na wapiga saksafoni wake, Coltrane na Adderley, ninaweka toleo lililorekebishwa.

Msomaji wenu,
Morogoro