Taarifa ya mwenyekiti mwaka 2024: mafunzo ya likizo na lile suala la tisheti

Ndugu wanachama, wazee wangu na mama zangu, nawasalimu kutoka huku Uyole, Mbeya.

Yale mnayoyajua sitayarefusha. Mafunzo ya likizo ya mwezi wa sita yamefanyika wiki mbili kwenye baridi ileile, vijana 47 wa kidato cha tatu na cha nne, wamejifunza kuandika barua ya kazi, kutunza hela na kuchagua tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano), ambazo mwaka huu 2024 zimekuwa 65 sio zile 16 tulizozoea, wametembelea chuo cha ufundi cha VETA na chuo kikuu cha MUST wakarudi salama. Tumepata 2,140,000, tumetumia 2,065,000, risiti zote anazo mweka hazina.

Sasa tisheti. Kuna mtu kaandika kwenye grupu kwamba mwenyekiti kala hela za watoto, na kwa kweli limeniuma. Laki saba na nusu ilipangwa iende kwenye tisheti na mhamasishaji wa kutoka Dar, mimi nikaifuta nikaipeleka kwenye vyeti vya kuzaliwa, na leo ningefanya vilevile. Siku ya pili tuliwaambia kila mtu aje na cheti chake, wakaleta 16 tu. Binti mmoja wa Igurusi akatoa kadi ya kliniki kwenye kimfuko cha nailoni, imechanika kwenye makunjo, jina la baba halisomeki, akaniuliza ticha, hii si inatosha? Haitoshi. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, na jina likipishana na la shule hata herufi moja ujue hapo ni habari ya viapo, na mtoto anakuja kuligundua hilo wakati dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Tisheti ingemsaidia nini yule binti?

Mhamasishaji nimembadilisha na mama mmoja anayeuza viazi Mwanjelwa, hakudai hata nauli. Alikuja na daftari lake, akawaonyesha bei ya gunia kule Isyonje, kubebesha, gari, ushuru, vilivyooza, halafu akawauliza kimebaki nini. Akawaambia na habari ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwamba sheria inasema gunia lisizidi kilo 100 na mkulima anayejazishwa ndiye anayeumia. Saa mbili nzima hakuna aliyesinzia.

Mnasema niliamua peke yangu. Kikao niliitisha mara mbili, cha kwanza mkaja 9, cha pili 7 na wawili wakaondoka katikati, na sisi tuko 64, sasa ningemsubiri nani wakati watoto wana siku kumi tu? Ada ya uanachama ni elfu 20 kwa mwaka mzima, waliolipa ni 23, na wengine wanaolalamika kwa sauti kubwa hawamo kwenye orodha hiyo. Hela nyingi mwaka huu imetoka kwa wazazi wenyewe.

Mwakani Mungu akijalia tunatamani kufika Mbarali na Chunya, tukipata na ukumbi mkubwa zaidi itakuwa vizuri.

Kati ya wale 31 waliokuwa hawana vyeti, 22 wanavyo mkononi, safari za kufuatilia nimekwenda kwa nauli yangu na sijaidai. Hao 9 waliobaki nitawafuatilia mimi mwenyewe kabla ya shule kufunguliwa, ila safari hii nauli naomba itoke kwenye ada zenu.