Barua kwa somo yangu kuhusu tanki la Ankleshwar

Dar es Salaam

Somo yangu,

Barua yako nimeipata pamoja na matangazo yote matatu. Mawili nimeyaweka pembeni, bei zake hazielezeki. Niongelee hili tanki la lita 3,000 lililokwishatumika, unalotaka kupikia sabuni, kutoka Ankleshwar huko India, maana naona moyo wako umeshahamia huko.

Kwanza, advansi usitume wiki hii. Habari za mteja mwingine anayelinyemelea husemwa na kila muuzaji. Tanki la kiwandani halinunuliwi kama maandazi.

Tuanze na muuzaji mwenyewe. Jimbo lao la Gujarat lina viwanda vingi mno vya kemikali, Ankleshwar, Vapi, Vadodara, na kiwanda kikifungwa au kikibadilisha mtambo, vyombo vyake huuzwa. Wapo watu wa halali kabisa wanaoishi kwa biashara hiyo. Katikati yao wamejaa madalali wenye picha tu, tanki lenyewe hawajalitia machoni. Udalali si dhambi, hata Kariakoo tunaishi nao. Ninachotaka ujue ni kama unaongea na mwenye mali au mwenye simu.

Akupe namba yake ya kodi, ile ya GST, ambayo ni kama VAT yetu. Ina tarakimu na herufi 15, na mbili za mwanzo ni za jimbo: Gujarat ni 24, Maharashtra 27. Akidai yuko Ankleshwar halafu namba inaanza na 07, hiyo ni Delhi, muulize kulikoni. Iingize kwenye tovuti ya serikali yao ya GST, ni bure, utaona jina la kampuni, tarehe ya kusajiliwa na kama usajili bado uko hai. Kisha muombe IEC, namba ya kuagizia na kusafirisha bidhaa nje. Kwa kampuni zilizoichukua baada ya GST kuanza mwaka 2017, IEC ni ile ile PAN yao, yaani namba ya mlipakodi, na PAN imekaa ndani ya namba ya GST, kuanzia nafasi ya 3 hadi ya 12. Ziandike moja juu ya nyingine uzilinganishe. Kampuni ya zamani inaweza kuwa na IEC ya tarakimu kumi isiyofanana na chochote, hilo lisikutishe. Asiye nayo kabisa anasafirisha kwa mgongo wa mwingine, na likiharibika neno hutajua umdai nani.

Jina la akaunti ya benki liwe hilo hilo la kwenye usajili. Na ukipata imeili kwamba akaunti ile iko kwenye ukaguzi, lipia hii mpya, usiijibu. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Hapo hata muuzaji mwaminifu hakuokoi, kwa sababu iliyodukuliwa inaweza kuwa imeili yake au yako.

Sasa kama tanki analo kweli, mwambie aandike tarehe ya leo na jina lako kwenye karatasi, ailaze karibu na kile kibao cha chuma chenye namba ya chombo, apige picha. Halafu video fupi: aanze getini, atembee mpaka kwenye tanki bila kukata, awashe mota. Mwenye mali anaimaliza kazi hiyo kabla ya chai. Dalali atakwambia yadi imefungwa, fundi kasafiri, mvua inanyesha. Picha alizokutumia mwanzo zitafute pia kwenye intaneti kwa njia ya picha, uone kama tanki hilo hilo haliuzwi Uturuki.

Kibao hicho kisome vizuri. Kinapaswa kuwa na mtengenezaji, mwaka, namba ya chombo, presha na joto la juu kabisa, vya ndani na vya jaketi (lile ganda la nje linalopitisha mvuke) kila kimoja peke yake. Ribiti mpya kwenye kibao kilichochakaa hazinipi raha. Kikiwa na alama ya ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, na namba ya National Board, bodi yao ya wakaguzi wa boila na vyombo vya presha, umepata bahati: ofisi ya bodi hiyo ya Columbus, Ohio, huhifadhi ripoti za vyombo vilivyosajiliwa kwao, na nakala inaagizwa kwa namba hiyo. Humo mna unene wa chuma tangu siku kilipotengenezwa. Fundi akipima leo kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, utajua kimeliwa kiasi gani.

Swali kubwa kwangu ni hili: lilipika nini mara ya mwisho, na kwa nani? Akijibu "kemikali za kawaida", hajajibu. Ukanda ule unatengeneza sana rangi za nguo na viuatilifu. Mabaki hayakai kwenye ukuta uliong'arishwa unaouona kwenye picha. Yanajificha chini ya gaskiti, kwenye vali ya chini, kwenye sili ya shafti. Sabuni yako itoke na rangi ya waridi isiyoelezeka, au kitu kibaya zaidi kisicho na rangi. Taka karatasi ya usalama ya bidhaa ile ya mwisho na cheti cha usafishaji. Gaskiti na pakingi za mtambo wa zamani zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo vijana wako wasizikwangue kavu kavu.

Anasema ni stenlesi 316. Mwambie athibitishe. Sumaku haitakusaidia, 304 na 316 zote kwa kawaida hazishikwi. Tofauti ni molibdenamu, asilimia 2 hadi 3 kwenye 316, na mkaguzi mwenye bunduki ya XRF, kile kifaa cha eksirei cha kutambua chuma, anaiona kwa sekunde chache. Nakazania hapa kwa sababu wewe unaifanya sabuni ya maji iwe nzito kwa chumvi, na chumvi ndiyo adui wa stenlesi. Inaanza kutoboa vitundu vidogo kama vya sindano. Kwenye jaketi ni balaa zaidi: maji yenye chumvichumvi na joto la juu hupasua chuma kimya kimya karibu na weldi. Wajaze jaketi maji, waweke presha, mtu aingie na tochi aangalie kwa ndani. Tone moja likionekana, mazungumzo yameisha. (Na lile la vioo ndani uliloliulizia, achana nalo. Sabuni haihitaji kioo, na huwezi kuweldi chochote juu yake ukabaki na kioo kizima.)

Mota ya India ni ya hezi 50 kama yetu, hapo huna shida. Ya Marekani ingezunguka polepole kwa sehemu moja ya sita.

Malipo, nakushauri LC, ile barua ya benki inayomlipa muuzaji akileta karatasi mlizokubaliana. Lakini benki inaangalia karatasi, tanki haiangalii. Kwa hiyo cheti cha ukaguzi cha kampuni kama SGS, Bureau Veritas au Intertek kiwe miongoni mwa karatasi za lazima, na ndani yake kitaje namba ya chombo, unene, aina ya chuma na majibu ya presha. Wakala wako wa forodha naye aulizwe mapema kuhusu PVoC ya TBS, yaani ukaguzi wa ubora wa shirika letu la viwango, maana ukaguzi huo hufanyika huko huko kabla ya kupakia. Na kwa kuwa jaketi litabeba mvuke, OSHA, wale wa usalama kazini, watataka kuliona. Watakuomba karatasi hizo hizo.

Mpe muuzaji maswali yote kwa mara moja, kwa adabu, uone anajibu lipi na analiruka lipi. Akikasirika, hewala, na akasirike.

Picha ya kibao nitumie WhatsApp kama dokumenti, usiitume kama picha, inabanwa mpaka namba hazisomeki. Ijumaa jioni nitakuwa na fundi wetu wa boila, nitamwonyesha. Shemeji na watoto wasalimie sana.

Ni mimi somo yako